Mkono Ndani ya Mashine

Watu wengi hudhani kwamba muziki wa kompyuta hutungwa na kompyuta, na kwamba kazi yangu mimi ni kubonyeza tu. Siwalaumu. Chumba changu cha kazi hakina ngoma wala gitaa. Kina meza, spika mbili, feni, na magodoro chakavu yaliyogongomewa ukutani ili majirani wapate usingizi. Lakini mashine haina la kusema mpaka mtu aiambie, na mtu naye hana la kuiambia mpaka awe amesikia.

Mimi nilisikia mchiriku kwanza. Vikundi vya uswahilini, Dar es Salaam, vilichukua vinanda vidogo vya Casio, vikaviunganisha na spika zilizochoka, vikavipandisha juu ya ngoma za Kizaramo. Sauti ilikwaruza, na mkwaruzo huo ndio uliokuwa utamu wake. Baadaye nikazipata kazi za King Tubby wa Kingston, Jamaika, fundi wa umeme ambaye katika miaka ya 1970 aliigeuza meza ya kuchanganyia sauti kuwa ala. Aliondoa uimbaji, akaacha besi na ngoma, kisha akamrudisha mwimbaji kipande kipande, kama mwangwi. Kwake nilijifunza kwamba kuondoa nako ni kutunga.

Leo natengeneza singeli, muziki unaokimbia mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Nachukua kipande cha kinanda cha sekunde chache, nakirudiarudia, nakiongezea kasi mpaka kinalia kama ndege, ndipo naleta ngoma. Usiku naongeza, asubuhi nafuta. Katika sauti ishirini nilizoweka, zikibaki saba nashukuru.

Kilicho kigumu ni wakati. Programu hugawa kila pigo sawasawa. Kwa mapigo 240 kwa dakika, pigo moja ni robo ya sekunde, na ukiligawa mara nne, kila sehemu haifiki hata milisekunde 63. Mkono wa mpigangoma haujui hesabu hiyo. Mjomba wangu, aliyepiga mdundiko kwenye harusi maisha yake yote, alilichelewesha pigo la tatu kwa kiasi ambacho jicho halikioni, ila kiuno hukijua. Nilimrekodi miezi michache kabla hajafariki. Alipoiona mistari kwenye kioo cha kompyuta aliniambia, "Mjomba, usije ukainyoosha. Ngoma ikinyooka hainengui mtu."

Baada ya msiba niliiweka ngoma ile ndani ya biti. Akaja mfanyabiashara mmoja aliyetafuta muziki wa tangazo. Aliipenda, ila sharti lake lilikuwa moja. "Kijana wangu, hapo inachechemea. Inyooshe, nichukue." Fedha aliyotaja ilitosha kodi ya miezi sita, nasi tulidaiwa minne. Kunyoosha ni kubonyeza kitufe kimoja. Nilimtengenezea biti nyingine, hakuitaka, akaondoka. Mke wangu aliniuliza tutalipa nini. Tukauza kinanda.

Msomaji ataniuliza: je, ngoma haingebaki salama katika faili lake, hata kama ningenyoosha nakala? Ingebaki. Nami nimenyoosha ngoma nyingi za wateja bila kukosa usingizi. Lakini faili halichezwi na mtu. Ambacho kingetoka redioni, watoto wa mtaani wakakishika na kukiiga, ni ile iliyonyooka. Na baada ya miaka michache wangeamini kwamba mdundiko ulipigwa hivyo.

Ndiyo maana siogopi kompyuta kama wazee wengine wanavyoiogopa. Haikuipotosha ngoma ya mjomba. Ilinihifadhia hata ule ucheleweshaji wake, kwa usahihi kuliko kumbukumbu yangu. Ilinipa mistari iliyonyooka, ikaniachia niamue. Mtunzi wa zama hizi, nadhani, hujulikana kwa vitufe asivyovibonyeza. Biti ile bado haijanunuliwa. Vijana huiomba kwenye vigodoro, na inapofika pigo la tatu, wote huchelewa pamoja.