Mtazamaji Aliyekuwapo

Tangu enzi za Aristotle, wahakiki wameshikilia kwamba tanzia humtakasa mtazamaji: humtia hofu na huruma, kisha humwacha akiwa mwepesi wa moyo. Nadharia hiyo humchukulia mtazamaji kuwa mtu aliyeketi kando ya tukio. Haisemi mengi kuhusu yule aliyekuwapo.

Mwalimu mmoja wa Voi ni mtazamaji wa aina hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2007 alikuwa akifundisha Eldoret. Matokeo ya uchaguzi wa urais yalipotangazwa tarehe 30 Desemba, ghasia zikazuka. Siku mbili baadaye kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji huo, lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo. Hadi mkataba wa maridhiano ulipotiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008, zaidi ya watu 1,100 walikuwa wameuawa na mamia ya maelfu wamefukuzwa makwao. Yeye, Mtaita asiyehesabiwa upande wowote katika ugomvi ule, hakuguswa. Mwaka huo huo alirudi kwao.

Miaka mingi baadaye, sebuleni kwake mjini Voi, alitazama pamoja na binti yake filamu ya *Something Necessary*, iliyoongozwa na Judy Kibinge na kutolewa mwaka 2013. Filamu hiyo ina nguzo mbili. Anne ni muuguzi aliyempoteza mumewe katika ghasia hizo. Mwanawe amelala bila fahamu, naye anarudi kwenye nyumba iliyoharibiwa ili aanze upya. Joseph ni kijana aliyekuwamo katika kundi la washambuliaji, na dhamiri haimpi utulivu. Ubora wa filamu hii umo katika kumpa mkosaji uso wa binadamu bila kuyapuuza machozi ya aliyekosewa.

Lakini mwalimu hakuwa akimtazama Anne wala Joseph. Macho yake yalizunguka pembezoni mwa picha, kwenye milango na madirisha ya majirani. Usiku mmoja wa Januari 2008 jirani alibisha mlangoni pake akiwa amebeba mtoto. Mwalimu alizima taa, akanyamaza. Hodi ilipigwa mara tatu, kisha nyayo zikaondoka. Hajui mpaka leo zilifika wapi.

"Baba, wakati huo ulikuwa wapi?" binti aliuliza.

"Nyumbani," alijibu. Jibu lilikuwa kweli tupu, na ndiyo maana lilimchoma.

Voi yenyewe inazijua kumbukumbu zenye mapengo. Katika makaburi ya Vita Vikuu vya Kwanza yaliyomo mjini, mawe yana majina ya askari wa Dola ya Uingereza. Ilhali wapagazi Waafrika walioangamia kwa makumi ya maelfu katika vita hivyo, wengi wao hawana jiwe wala jina. Wale waliachwa nje kwa kudhulumiwa. Mwalimu aliachwa nje ya filamu kwa kusitiriwa, na sitara hiyo haikumtakasa.

Hiyo si dosari ya filamu. Kazi moja ya sanaa haiwezi kulibeba taifa zima. Aliyekosewa amepewa sauti, na mkosaji ameanza kusikilizwa. Aliyezima taa ni nadra kupata mhusika wake, ingawa huenda viti vingi ukumbini vimekaliwa naye.

Filamu ilipokwisha, binti aliinuka kwenda kulala. Mwalimu akamwomba aketi tena.