Mmishonari na Kasa

Wamishonari niwajuao mimi si wale wa vitabu vya historia. Ni mzee na mkewe, wastaafu kutoka Uingereza, majirani zetu hapa Watamu. Bahari yetu ni hifadhi tangu 1968, na msitu wa Arabuko-Sokoke uko hapo nyuma tu.

Siku moja jarife la babu lilinasa kasa. Mzee akaomba aachiliwe. Babu akamwuliza, "Na wajukuu wangu wale nini, bwana?"

Nilidhani atahubiri. Wapi! Alinyamaza. Babu akamwachilia kasa shingo upande. Alfajiri ya pili mzee akaja kumsaidia kutoa jarife. Kupiga kasia hajui, ati! Lakini huja kila Jumamosi. Pesa za chakula changu cha shule, hata hivyo, bado hazijapatikana.