Chupa za Australia katika shimo la ndizi

Leo hakuna msimbo. Au upo kidogo tu, mistari kama arobaini ya Python, na kazi yake ni kusoma joto la shimo. Nataka kuzungumzia mvinyo mwekundu wa bei nafuu kutoka Australia, na jinsi nilivyouhifadhi kwetu Njukini, kule juu ya Taveta, ambako Kilimanjaro iko mbele ya macho na Rombo ya Tanzania ni hapo ng'ambo tu.

Nilianza mazoea haya mwaka 2019, nilipopata kazi Nairobi baada ya chuo. Kila mwisho wa mwezi nilipitia supamaketi nikachukua chupa moja au mbili: Jacob's Creek, Lindeman's Bin 50, mara nyingine Yellow Tail. Hakuna iliyonigharimu zaidi ya shilingi 1,500. Wajuzi huzicheka, lakini mimi nilipenda kuzisoma. Sheria ya Australia inasema mwaka ukiandikwa kwenye lebo, angalau asilimia 85 ya mvinyo itokane na zabibu za mwaka huo, na ni hivyo hivyo kwa aina ya zabibu na eneo. Sasa ukiona maneno South Eastern Australia, ujue hilo "eneo" ni New South Wales, Victoria na Tasmania nzima, pamoja na vipande vya Queensland na South Australia! Ukame ukipiga huku, mtengenezaji anachota kule. Ndiyo maana bei haipandi na ladha haibadiliki sana. Watu wa seva mnaujua mchezo huu: mashine moja ikianguka, nyingine inabeba mzigo.

Mvinyo wa namna hii hutengenezwa unywewe mapema, ndani ya mwaka mmoja au miwili. Nililijua hilo. Nilitaka tu kuona kwa macho yangu nini hutokea ukiuacha. Basi Machi 2020, korona ilipoingia Kenya na ofisi ikatuambia tukafanyie kazi nyumbani, nilikuwa na chupa kumi na mbili za Shiraz ile ile, ya mwaka 2018. Sita nikaziacha kwenye kabati Nairobi. Sita nikazifunga ndani ya sweta, tukasafiri nazo hadi Voi, Taveta, kisha nyumbani.

Babu alikuwa na shimo nyuma ya stoo. Zamani alivundikia humo ndizi za mbege, maana alikuwa mpishi wa mbege anayejulikana hadi kwa wakwe zetu Wachaga. Kwa asiyeijua, mbege ni ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa zichachuke, kisha zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi na uchungu wa gome la msesewe. Ikishakuwa tayari, inywe leo au kesho. Keshokutwa ni siki.

Nilipomweleza Babu kwamba hizi zangu zitakaa miaka, aliniangalia kwa muda. "Mjukuu wangu, pombe ya kungojwa miaka, wa kuinywa ni nani?" Alikuwa ameshapita themanini. Sikuwa na jibu, nikashika jembe tukalisafisha shimo. Aliniuliza pia kwa nini nazilaza. Kwa kweli hakukuwa na haja. Kulaza chupa ni kwa ajili ya kizibo cha gome, kisikauke kikapitisha hewa. Hizi zilikuwa na kifuniko cha kuzungusha, ambacho Waaustralia wamekipenda sana tangu wakulima wa Clare Valley walipofunga nacho Riesling zao mwaka 2000. Lakini zikilala zinapendeza, nikazilaza.

Nikaweka kihisi cha DS18B20 na Raspberry Pi, kisome kila dakika kumi. Chini ya bati la stoo joto lilipanda mchana hadi kupita nyuzi 30. Shimoni lilikaa kwenye 22 au 23, usiku na mchana. Mvinyo hupenda 12 hadi 15, kwa hiyo shimo letu lilitulia lakini halikuwa baridi. Kabati la Nairobi, mji ulio mita 1,795 juu ya bahari, lilikuwa afadhali.

Niliporudi Nairobi, data ilinifuata kwa mtandao, na Babu akaanza kunipigia simu jioni. "Leo shimo lina ngapi?" Namwambia 22 na nusu. Naye ananipa habari za juu ya ardhi: upepo, mvua imenyesha au haijanyesha, nani kapita kutoka Rombo.

Kila Desemba nilishuka na chupa moja ya Nairobi, tukaifungua pamoja na moja ya shimoni. Mwaka 2020 tofauti haikuonekana. Mwaka 2021 ya shimoni ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya tofali, ina harufu ya tende na ngozi, na mashapo kidogo chini. Babu akaonja zote mbili, akagusa glasi ya shimoni. "Hii imevundika." Mwaka 2022 ya Nairobi ilikuwa bora kwa mbali, yenye uhai, na yetu imechoka. Joto huharakisha kila kitu ndani ya chupa. Nilimwambia hivyo. Alikataa katakata, akamaliza ya shimoni.

Alifariki mwaka 2023, kabla ya Desemba. Mwaka ule nilifungua chupa pamoja na Mama, hatukuimaliza.

Zimebaki mbili shimoni. Kihisi bado kinasoma, na jioni huwa natazama namba. Mama anataka shimo lake avundikie ndizi za soko la Taveta, nami nimemwomba asubiri hadi Desemba. Shangazi atavuka kutoka Rombo. Ameshasema atakuja na mbege yake, ili ya kwangu ikiwa imekufa watu wasikae na glasi tupu.