Farasi wa Hustai

Katika nchi ya Mongolia wamo farasi wa mwitu waitwao takhi, wenye rangi ya mchanga na manyoya mafupi ya shingoni yaliyosimama wima. Mara ya mwisho walionekana mwituni mwaka 1969. Baadaye walibakia katika bustani za wanyama tu, mbali na kwao. Hata mwaka 1992 wachache wakarudishwa, wakafikishwa katika milima ya Hustai. Hao walizaliwa zizini, wakilishwa kwa mikono ya watu. Je, ni nani aliyewafundisha mlima?

Mimi nilichunga ng'ombe wa baba, nami najua jinsi nzi wawezavyo kumnyima mnyama raha ya kula. Farasi hao, jua la kiangazi likiwa kali, huziacha nyasi tamu za bondeni, wakapanda mgongo wa mlima penye upepo, wakasimama huko. Jioni hushuka kunywa maji na kula. Wakati wa baridi huparua theluji kwa kwato, wapate nyasi zilizofunikwa. Wala milimani si salama: mbwa-mwitu huwakamata watoto wao. Hata hivyo wamezaana, na leo ni mamia.