Saa Inatembea, Lakini Je, Ni Nzima?

Gari likitimiza kilomita zake hupelekwa sevisi, hata kama halina kelele yoyote. Hakuna anayeona ajabu. Lakini saa ya mkono ya thamani, ile ya springi isiyotumia betri, wengi wetu huiacha mpaka isimame. Nyumbani kwetu tumelijadili jambo hili kwa miezi kadhaa, tukaona kwamba linagusa imani kuliko tulivyodhani.

Saa yenyewe ni Omega ya Uswisi, tuliyoachiwa na marehemu baba yake mama mchungaji. Alikuwa daktari. Aliinunua kwa akiba yake akiwa masomoni Ujerumani, na kwa miaka mingi aliitumia kuhesabia mapigo ya moyo ya wagonjwa wake. Mpaka leo inatembea vizuri. Hata hivyo, risiti iliyomo ndani ya kisanduku chake inaonyesha kwamba fundi aliifungua mara ya mwisho miaka tisa iliyopita. Watengenezaji wa Omega hushauri saa zao zifanyiwe sevisi kamili kila miaka 5 hadi 8. Wale wa Rolex husema kama miaka 10. Je, tuipeleke sasa, au tungoje ishara?

Tuliona ni vema kwanza kuelewa kinachotokea ndani. Saa nyingi za aina hii hupiga mapigo 28,800 kwa saa moja, yaani manane kila sekunde. Kwa mwaka mmoja ni zaidi ya mapigo milioni 250. Kinacholinda vyuma hivyo vidogo visisagane ni matone ya mafuta, madogo kiasi kwamba fundi huyaweka kwa ncha ya sindano. Mafuta hayo huzeeka. Hukauka, au huhama mahali pake, na vumbi likiingia hugeuka kuwa kama msasa. Mpira unaozuia maji nao hukakamaa. Wakati huo wote mishale huendelea kuzunguka, na mwenye saa haoni kitu. Saa inapoanza kuchelewa dakika kadhaa kwa siku, au ukungu unapotanda chini ya kioo, mara nyingi uharibifu umekwisha kuanza, na fundi hatasafisha tu bali atabadilisha vipuri.

Mama mchungaji, mtoto wa daktari, alisema neno moja: "Baba, mgonjwa wa presha hangoji aanguke ndipo apimwe."

Lakini gharama nayo ni kweli. Sevisi ya saa kama hii kwa fundi anayeaminika hupita shilingi milioni moja. Kwa nyumba ya mchungaji, hiyo ni ada ya shule. Mzee mmoja wa kanisa alituuliza kwa upole: "Mchungaji, simu si inaonyesha saa? Hiyo ya nini tena?" Swali lake ni la haki, na hatukulijibu haraka. Tulikubaliana nyumbani kwamba kama hatuwezi kuitunza, ni afadhali tuiuze, fedha zifanye kazi nyingine. Kuvaa kitu cha thamani huku tukikiacha kife ndani si kumheshimu aliyetuachia. Ni kujionyesha tu.

Sisi Walutheri tuna saa moja katika historia yetu. Philipp Melanchthon, aliyekuwa bega kwa bega na Martin Luther, alikuwa na saa ndogo ya mviringo yenye mshale mmoja tu. Ina tarehe ya 1530, mwaka uleule alioandika Ungamo la Augsburg, na imechorwa maneno yanayosema kwamba utukufu ni wa Mungu peke yake. Leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Walters huko Baltimore, Marekani. Saa ile ilihitaji kutiwa ufunguo kila siku, la sivyo ilinyamaza. Kwa hiyo hata mwandishi wa Ungamo letu hakuweza kusema, "Niliitia ufunguo jana, inatosha."

Hapo ndipo tulipoanza kuitazama upya ibada yetu ya Jumapili. Katika maungamo ya dhambi, mchungaji haulizi kwanza ni nani aliyeanguka wiki hii. Tunaungama wote: mwanakwaya, mzee wa kanisa, mgeni wa nyuma kabisa, na mchungaji mwenyewe. Wako wanaonung'unika moyoni, "Wiki hii sikufanya baya lolote, kwa nini niungame?" Mtu huyo yuko sawa na saa inayotembea. Anahudhuria, anatoa sadaka, anaimba. Pengine mafuta yamekauka siku nyingi: haombi tena akiwa peke yake, na jirani yake hamwonei tena huruma. Kanisa halingoji mishale isimame ndipo limwite. Katika Katekisimo Ndogo ya 1529, Luther alifundisha toba ya kila siku, na hakuiwekea sharti la kuanguka vibaya kwanza.

Hata hivyo, fundi mwenye busara haifungui saa kila mwezi. Kila inapofunguliwa, vumbi hupata mlango. Wapo Wakristo wanaojichokonoa usiku na mchana, wasiamini kwamba walikwisha kusamehewa. Nao wanahitaji kusikia kwamba saa ikishafungwa na fundi, huvaliwa na kutumika.

Basi tumeamua hivi. Ada za Januari zitalipwa kwanza. Kila mwezi tunatia kiasi kidogo kwenye kibubu, na fedha zikitimia, saa itakwenda kwa fundi hata kama haijachelewa sekunde moja. Kwa sasa tumeiacha ikae kimya kabatini, kwa kuwa saa isiyotembea haisagi vyuma vyake. Tukishindwa kutimiza fedha hizo katika mwaka huu, tutaiuza bila kinyongo.

Nawe, mpendwa msomaji, Jumapili ijayo maungamo yatakapoanza, usikae ukipekua wiki yako kutafuta kama unastahili kusimama. Simama tu pamoja nasi.