Leicester Yapiga Kura: Muhogo, Chai na Maneno ya Simu

Mgeni atokaye London kwa gari moshi huchukua saa moja na dakika chache kufika Leicester, mji ulio katikati ya Uingereza kando ya mto Soar. Mwaka 2012 mifupa ya mfalme Richard wa Tatu, aliyeuawa vitani mwaka 1485, ilifukuliwa humo chini ya uwanja wa kuegesha magari. Lakini mtu wa Afrika ya Mashariki hana haja ya kumtafuta mfalme. Akifika tu katika barabara ya Belgrave, iitwayo Maili ya Dhahabu, penye maduka ya masonara, ya sari na ya vitu vitamu, ataonyeshwa chakula kiitwacho "mogo". Akikionja atakitambua: ni muhogo wetu wa kukaanga, uliovuka bahari pamoja na walaji wake.

Safari hiyo ilianza mwezi wa Agosti 1972, Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka nchini. Zaidi ya watu 27,000 waliingia Uingereza. Halmashauri ya mji wa Leicester ilitangaza katika gazeti la Uganda Argus kuwashauri wasije huko, kwa sababu nyumba na shule hazitoshi. Hata hivyo maelfu walikuja, wakafanya kazi viwandani, wakafungua maduka, wakasomesha watoto. Ndiyo maana Kiswahili bado husikika katika mji huo, hasa vinywani mwa wazee wanapokunywa chai.

Kampeni za uchaguzi mkuu wa 2024 ziliwakuta wazee hao katika mazungumzo. Waziri Mkuu wa wakati ule, Rishi Sunak, ni mtoto wa baba aliyezaliwa Kenya na mama aliyezaliwa Tanganyika. Tarehe 22 Mei alisimama mvuani mbele ya nyumba namba 10 Downing Street, bila mwavuli, akatangaza kwamba kura itapigwa siku ya Alhamisi, 4 Julai. Muda si muda picha zake akiwa ameloa mabega zilikuwa zikizunguka katika simu za mkononi, kila moja na mzaha wake.

Katika duka moja dogo la vyakula, mwenyewe akiwa mzee wa Kihindu aliyezaliwa Jinja, picha hizo zilitazamwa na watu wanne. Alikuwapo jirani yake, mzee Mwislamu aliyezaliwa Mbale. Mwuguzi mmoja mwanamke, mwenyeji wa Mombasa. Na kijana wa Bujumbura afanyaye kazi ya kupakia mizigo ghalani.

"Shikamoo, mzee. Umeyaona ya simu?" aliuliza mwuguzi.

"Marahaba, binti yangu. Nimeyaona mara tano kabla ya kifungua kinywa. Mjukuu ananiletea, shemeji ananiletea, hata mteja ananiletea."

Kijana wa Bujumbura alicheka, lakini kwa huzuni kidogo. Sheria ya Uingereza huwaruhusu raia wa nchi za Jumuiya ya Madola waishio nchini humo kihalali kujiandikisha na kupiga kura katika uchaguzi wa Bunge. Hivyo Mkenya, Mtanzania, Mganda na Mnyarwanda wana haki hiyo. Mrundi hana, mpaka apate uraia wa Uingereza.

"Mimi ninalipa kodi kama ninyi," alisema, "lakini siku hiyo nitakuwa mtazamaji."

"Basi, ndugu yangu, wewe utakuwa hakimu wetu," alijibu mzee wa Mbale. "Asiye na kura hana sababu ya kudanganywa."

Jibu hilo lilikuwa na uzito. Katika Uingereza vyama vya siasa haviruhusiwi kununua matangazo ya biashara katika redio na televisheni. Hugawiwa nafasi maalumu bila malipo. Siku ya kupiga kura, vyombo hivyo huacha kabisa kujadili hoja za uchaguzi tangu vituo vifunguliwe mpaka vifungwe. Lakini katika mitandao ya simu mambo ni mengine. Mtandao wa TikTok umekataa matangazo ya siasa ya kulipiwa, ila vyama huweka humo picha zao wenyewe bila malipo. Mtandao wa Facebook ulipokea fedha za vyama, mradi tangazo lioneshe aliyelitoa. Ujumbe unaopitishwa na jamaa kwa jamaa hauna sahihi ya mtu. Huingia nyumbani kama mgeni aliyeletwa na ndugu, na kwa hiyo hauulizwi atokako.

Mwishoni mwa Mei chama cha Conservative kilitangaza kwamba kikishinda, vijana wa miaka 18 watatakiwa kufanya utumishi wa taifa, ama mwaka mmoja jeshini kwa wachache watakaochaguliwa, ama kazi za kujitolea siku za mwisho wa juma. Vijana walilijibu jambo hilo kwa mizaha katika TikTok. Mtoto wa yule mwuguzi, mwenye miaka 17, alimwonyesha mama yake picha kumi za kuchekesha, lakini hakuweza kumweleza mpango wenyewe ulisema nini.

Siku chache baadaye, tarehe 6 Juni, ilifanyika kumbukumbu ya miaka 80 tangu majeshi ya Washirika yaliposhuka Normandy. Waziri Mkuu aliondoka Ufaransa kabla sherehe zote hazijamalizika, na kesho yake akaomba radhi. Hapo mwuguzi hakucheka. Babu yake alikuwa askari wa King's African Rifles, akapigana Burma katika vita hivyo hivyo.

"Huyo ameomba radhi, na kuomba radhi ni uungwana," alisema. "Lakini mwanangu aliyajua hayo kwa mzaha wa simu, wala hakujua kuwa babu mkuu wake alikuwa vitani. Kosa hilo ni langu." Usiku ule alimkalisha mtoto mezani, akamsimulia, simu ikiwa imezimwa.

Yako maneno ambayo wazee wawili wa dukani hawakuyasema mbele ya wateja, ingawa mtaa mzima uliyajua. Mwezi wa Agosti na Septemba 2022 baadhi ya vijana wa Kihindu na wa Kiislamu wa Leicester walipambana barabarani, fujo zikizidi baada ya mchezo wa kriketi kati ya India na Pakistan. Katika siku hizo ulienea uvumi kwamba wanaume wa Kihindu walijaribu kumteka msichana wa Kiislamu. Polisi walichunguza, wakatangaza kwamba jambo hilo halikutokea. Lakini uvumi ulikuwa umekwisha fika mbali, na mzee wa Mbale alikuwa miongoni mwa walioupitisha. Mzee wa Jinja aliusoma katika simu ya mtu mwingine, akaona ulikotoka. Wiki tatu hawakuamkiana, watu waliofika uwanja wa ndege pamoja mwaka 1972 wakiwa na sanduku moja moja.

Aliyevunja ukimya ni mwenye kosa. Alikwenda dukani asubuhi kabla ya wateja, akasema, "Ndugu yangu, niliupeleka bila kuuliza. Nisamehe." Tangu hapo waliwekeana sharti: ujumbe wowote wa kutisha au wa kuchukiza ulale usiku mmoja kabla ya kupitishwa. Katika kampeni zote za 2024 walilishika sharti hilo, ingawa hawakukipenda chama kimoja.

Tarehe 4 Julai vituo vilifunguliwa saa moja asubuhi mpaka saa nne usiku. Ulikuwa uchaguzi mkuu wa kwanza ambao mpiga kura wa Leicester alitakiwa kuonyesha kitambulisho chenye picha. Mwuguzi alikwenda na pasipoti yake ya Kenya, nayo ilikubaliwa. Wazee walionyesha vitambulisho vyao vya kupandia basi. Askari walio kazini ng'ambo waliweza kupiga kura kwa posta au kumteua mtu wa kuwapigia. Kituoni hapakuwa na kelele. Palikuwa na meza, karatasi, penseli na sanduku, na kila mtu akatoka kimya.

Chama cha Labour kilipata ushindi mkubwa, na Keir Starmer akawa Waziri Mkuu tarehe 5 Julai. Hata hivyo Leicester ulifuata njia yake. Leicester East, jimbo lililokuwa la Labour tangu 1987, lilichukuliwa na Conservative, nalo Leicester South likachukuliwa na mgombea asiye na chama. Katika nchi nzima, wapiga kura kiasi cha wanne kati ya kila kumi walioandikishwa hawakupiga kura, ingawa simu zilijaa siasa kwa wiki sita.

Jaribu kubwa lilikuja baada ya kura. Tarehe 29 Julai watoto watatu wa kike waliuawa kwa kisu katika mji wa Southport. Mara likaenea jina la uongo la mwuaji, kwamba ni mkimbizi aliyefika kwa mashua. Polisi walilikanusha, aliyekamatwa alikuwa mzaliwa wa Cardiff. Hata hivyo msikiti ulishambuliwa, na fujo zikaenea katika miji kadhaa.

Jina hilo lilifika pia katika duka la Belgrave. Mzee wa Jinja alilisoma, akaifunika simu yake mezani, akamwita jirani yake waje wanywe chai. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Siku hizi hata kidole huponza mtaa. Ujumbe ule ulilala, na kulipokucha ukweli ulikuwa umekwisha tangazwa.