Kamba za Viatu

Nilipotimiza miaka 60 niliona haya kushindwa kuchuchumaa nimfunge mjukuu wangu kamba za viatu. Nikaanza kujinyoosha viungo alfajiri, kwa pupa. Siku ile sikuhisi kitu; kesho yake mapaja yaliwaka moto, ngazi nikazishuka kinyumenyume. Zamani tuliambiwa ni asidi iliyobaki katika misuli. Kumbe asidi huondoka upesi. Kinachouma ni nyuzi za misuli zilizochanika kidogo mno kwa kazi zisizoizoea, na maumivu huzidi kati ya saa 24 na 72. Mke wangu alinikanda kwa mafuta ya nazi ya vuguvugu, akanikataza kulala kutwa. Nikajikokota hadi sokoni. Baada ya mwezi nilichuchumaa, nikafunga kiatu kimoja. Kuinuka, mjukuu alinivuta mkono.